Pindo la Vidole Vinne

Nianze kwa kusema ukweli, asije mtu akaniambia najikosha: mimi nina wivu. Sikuanza jana. Utotoni nilimwonea wivu mdogo wangu wa kiume kwa sababu yeye alijifunzia cherehani ya umeme, mimi nikajifunzia ya kukanyaga. Ule wa utotoni ulipita. Huu ninaousimulia ulinikaa kooni miezi saba, nikila nao na kuamka nao, na chanzo chake kilikuwa mtu mmoja tu: wifi yangu, mke wa huyo huyo mdogo wangu.

Kazi yetu ni sare za shule. Baba alianza na cherehani moja barazani. Leo tuna cherehani kumi na moja, meza ya kukatia ndefu kuliko kitanda, na chumba cha mbele cha kupokelea wateja chenye kioo kilichopasuka pembeni ambacho kila mwaka tunasema tutakibadilisha. Watu kumi na wanne wanakula kwa kazi hiyo. Mdogo wangu anafuata vitambaa na kupeleka mizigo. Washonaji wanasimamiwa na Fundi Koti, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu siku moja alishona koti lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mpaka leo hatujamsamehe. Mimi ndiye mkataji. Dada Mkasi, ndivyo wanavyoniita.

Mkasi wenyewe ni wa baba. Ni mkubwa, mweusi, vishikio vimelainika kwa miaka ya vidole vyake na vyangu. Miaka ishirini na miwili nimeukatia mimi, lakini jioni unarudi kwenye droo ya meza yake, anafunga, na ufunguo anaondoka nao mfukoni. Alikuwa akisema siku atakayompa mtu ufunguo wa droo ile, ndiyo siku karakana itakuwa imepata mkubwa mwingine. Alikuwa akisema hivyo akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na alishasema wazi kwamba mwaka huu hauishi kabla hajakabidhi. Kila mtu alijua atakabidhi kwa nani, mpaka wifi alipokuja.

Alikuja kusaidia chumba cha mbele. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa, mdogo wangu akamwombea nafasi, baba akasema aje apokee wateja na kuandika vipimo. Nilimpandisha na kumshusha kwa macho siku ile ya kwanza: mwembamba, viatu safi, vidole kama kalamu, na daftari kwapani. Tena ni wa mkono wa kushoto. Nikasema moyoni, huyu hafiki mwezi wa pili.

Alifika wa pili na wa tatu, na daftari likazidi kunenepa. Mteja akilalamika, anaandika. Mteja akiondoka bila kununua, anamsindikiza hadi mlangoni na kumuuliza kwa nini, kisha anaandika. Wiki nzima alikwenda kusimama kwenye mageti ya shule wakati wa kutoka, akizungumza na akina mama. Nilimuuliza mdogo wangu kama mkewe ameajiriwa kushona sare au kupiga domo. Mdogo wangu akacheka, akasema, mwache, ndivyo alivyo. Mimi sikucheka.

Lakini nisiwe mnafiki, hali yetu haikuwa nzuri. Kati ya shule tisa tulizozihudumia, tatu zilikuwa zimeshatuacha. Maduka makubwa yalileta sare zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye plastiki, za bei ya kutupa. Baba alijaribu kushusha bei, wao wakashusha zaidi. Mimi dawa yangu ilikuwa moja: tushone vizuri, tunyamaze, watu watarudi. Hawakurudi.

Ndipo wifi akaomba tukae. Alitandika sketi moja ya shule juu ya meza yangu, meza yangu mimi, akaigeuza ndani nje. Akasema ameongea na akina mama arobaini na watatu, na karibu wote wamesema jambo moja: sare hazichakai, watoto wanakua. Sketi bado nzima, rangi bado ipo, lakini goti liko nje na mwalimu anamrudisha mtoto nyumbani. Yeye alitaka tuache pindo pana ndani, la vidole vinne, lishonwe kwa mistari miwili. Mwaka unaofuata mstari mmoja unafumuliwa, pindo linashuka. Mwaka wa tatu unafumuliwa wa pili. Sketi moja, miaka mitatu.

Baba akauliza, nguo ikikaa miaka mitatu, sisi tutakula nini?

Hapo nilitabasamu. Swali lile nilikuwa nalijua, kwa sababu aliwahi kuniuliza mimi. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwambia baba yangu, kwa mdomo wangu huu, kwamba tuache pindo pana. Akaniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Nikarudi kwenye meza yangu, nikanuna wiki nzima, na wazo nikalizika bila kilio. Nikasubiri na wifi anune.

Hakununa. Alifungua daftari. Akasema mama aliyenunua, kila shule zikifunguliwa, ataleta sketi kwetu ishushwe pindo, na atatulipa kidogo kwa kazi ya robo saa. Akishaingia chumba cha mbele ataona mashati, ataona sweta, atakumbuka na yule mdogo anayeanza shule. Duka la plastiki linamwona mara moja na kwaheri. Sisi tutamwona miaka mitatu mfululizo. Akasema hatuwezi kuwashinda kwa bei, tuwashinde kwa kitu ambacho wao hawawezi kukifanya wakiwa mbali na mteja.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati. Akasema neno moja tu, "Endelea."

Jamani. Miaka ishirini na miwili, mimi hajawahi kuniambia endelea. Aliniambia kata, fupisha, haraka, angalia usipoteze kitambaa. Roho iliniuma pale pale, ikauma kama jino. Wazo lilikuwa langu. Langu. Nilitaka kulisema mbele ya wote, lakini nilijua nitaonekana nimekuja kudokoa chungu cha mwenzangu, nikafyata ulimi na kushika chaki.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuhesabu. Baba alimwekea wifi kiti karibu na chake, nikahesabu. Baba alimwita kuonja chai kama sukari inatosha, nikahesabu. Mara ya kwanza wifi alitaka kuandika pindo kwa sentimita, akaja na rula. Baba akamwambia kwamba katika nyumba hii tunapima kwa vidole, tangu yeye hajaota mvi. Nikafurahi. Nikadhani sasa watagombana. Wifi akaweka rula chini, akasema sawa, akaandika kwenye karatasi ya kukatia: ongeza pindo, vidole vinne. Baba akacheka kwa furaha, na mimi furaha yangu ikaniishia mikononi.

Tulijaribu sketi arobaini. Zikaisha kwa siku sita. Kisha mwalimu mkuu wa shule kubwa kuliko zote za upande wetu, mama mmoja mkavu ambaye hakuwahi hata kujibu salamu zetu, akaja mwenyewe. Akaigeuza sketi, akavuta uzi, akauliza maswali, akaagiza mia mbili na arobaini. Tena akawaandikia wazazi barua kwamba mwaka huu sare itakuwa ya miaka mitatu. Wifi ndiye aliyempa neno hilo, kwa hiyo wifi ndiye angebeba lawama kama lingegeuka uongo.

Ijumaa baba alitukusanya. Akasema mzigo huu ukitoka salama, siku hiyo hiyo atakabidhi ufunguo wa droo. Akasema atampa anayestahili. Zamani alikuwa akisema atampa binti yake. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, lakini nilikuwa nimeshasikia kilichobadilika.

Jumatano iliyofuata nilikata. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wote wamekwenda kula, karakana imetulia, pangaboi la darini peke yake ndilo lililokuwa likilalamika. Jora za kitambaa zilikuwa zimetandazwa juu ya meza, tabaka nane nane. Karatasi ya kukatia iko juu, na mwandiko wa wifi umelala kushoto, upande wa mkono wake. Vidole vinne. Niliweka vidole vyangu. Nikavitazama. Kisha nikakunja viwili, nikapiga chaki.

Sitasema kwamba shetani alinipitia. Shetani ana kazi zake. Ni mimi. Kile kijiba cha roho kilinikaba mpaka nikasikia joto masikioni, nikakata nane za kwanza, nane za pili, nane za tatu, na kila mkasi ulipofunga nilisikia raha. Jibu nilikuwa nalo tayari: nikiulizwa, kitambaa kilikuwa kifupi, jora hazikutimia. Sketi zingekuwa na pindo la kushuka mara moja tu na tena kwa taabu. Mwalimu mkuu angerudi na barua yake mkononi, wifi angeumbuka, na baba angekumbuka nani ni nani katika nyumba hii. Nilimaliza Alhamisi mchana.

Fundi Koti ndiye aliyeona. Alikuja na sketi begani, akasema pindo halikunjiki mara mbili, labda macho yake. Wifi akapima. Akapima nyingine, na nyingine. Niliwaambia kitambaa kimepungua, nikasema nimebana kadiri nilivyoweza, nikatikisa kichwa kabisa. Baba alifura. Muuza vitambaa tumenunua kwake miaka kumi na mitano. Baba akachukua simu na kumwita mwizi, akamkatia kabla hajajibu. Kisha akamgeukia mdogo wangu, ndiye aliyezifuata jora, akamuuliza kwa ukali kama alizipima au alikuwa akipiga soga. Mdogo wangu akaapa kwamba alipima. Hakuna aliyemwamini, na mimi niliyejua nilikuwa nikikunja tepu yangu taratibu.

Wifi alikaa kwenye kiti kile cha karibu na baba, mikono magotini. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Siku ile nilikula chakula changu chote, nikaongeza.

Sasa niseme kosa langu, maana wezi wote wana kosa lao. Baba ana sharti moja la tangu enzi ya cherehani moja: kipande chochote kinachozidi kidole hakitupwi. Kinakunjwa, kinafungwa na wenzake wa saizi moja, kinaandikiwa, kinatiwa kwenye gunia chini ya meza ya kukatia. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana. Na pale nilipokuwa nakata pindo la vidole viwili badala ya vinne, kati ya sketi na sketi kilibaki kipande kirefu cha vidole viwili. Mtu mwenye akili ya uovu angevichoma. Mimi mikono yangu haikuniuliza. Ilivikunja, ikavifunga mafungu thelathini, ikabandika karatasi, saizi ya ishirini na nne, ya ishirini na sita, ya ishirini na nane, kwa mwandiko wangu mzuri ambao baba huusifia. Nikavisukumia kwenye gunia huku nikidhani nimefagia.

Ijumaa asubuhi wifi alipiga magoti chini ya meza yangu kutafuta kitambaa cha kuungia. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, na sikukumbuka mpaka nilipoona mkono wake wa kushoto unatoka na fungu. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Akasoma karatasi.

"Wifi, hivi ni vya lini?" aliniuliza bila kuinua uso.

Nikasema ni vya zamani. Alikipitisha kipande kati ya vidole vyake. Kitambaa bado kilikuwa na wanga wa dukani, kigumu, rangi ile ile. Alihesabu mafungu yote thelathini, mdomo ukitembea polepole. Kisha akasema, "Aha," akasimama, akalibeba gunia kwenda kwenye cherehani ya pembeni.

Siku nzima sikukata hata kitambaa cha leso. Kila aliyepita karibu na kiti cha baba nilimwona ni yeye anakwenda kumwaga mtama. Wifi hakuinuka. Alishona, akafumua, akashona tena, na saa kumi akaondoka bila kuniaga. Nyumbani nilipanga maneno ya kujitetea mpaka yakaniishia, yote yakisikika ya mkosaji.

Jumamosi saa nne, wakati wa chai, baba aliita watu wote. Mbele yake ilikuwepo sketi moja. Wifi alikuwa amesimama kando, na nikajua siku yangu imefika. Nikavua hata aproni, ili nisifukuzwe nimeivaa.

Baba aliigeuza sketi ndani nje. Vile vipande vya vidole viwili vilikuwa vimeungwa kwenye pindo kwa ndani, mshono umelala bapa, na mistari miwili ya kufumuliwa iko pale pale. Tena kwa kuwa kiungo kilikuwa cha tabaka moja, sketi ilianguka vizuri kuliko zile arobaini za kwanza, ambazo kusema kweli zilikuwa nzito chini, zikicheza kama kengele mtoto akitembea. Baba aliivuta, akaipima kwa vidole. Vinne. Akaniita nisogee.

Aliniambia wifi amemweleza yote. Nikasubiri kofi. Akasema amemweleza kwamba jora hazikupungua hata kidogo. Kwamba mimi ndiye niliyevikata vile vipande kando makusudi, ili kujaribu pindo jepesi, nikavifunga kwa saizi vikingoja kuungwa. Kwamba sikusema kwa sababu niliogopa kukataliwa. Akasema wifi amemkumbusha kwamba wazo lenyewe la pindo pana nililileta mimi, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye meza hii hii.

Mdogo wangu alitazama chini. Kumbe ndiye aliyemsimulia mkewe, na kumbe alikumbuka.

"Nilikukatalia," baba alisema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Sikukuuliza hata swali la pili. Nilikosea, mwanangu. Tungeanza wakati ule tusingekuwa tunahangaika sasa."

Akasema mzigo umeshapona, hana haja ya kungoja utoke, akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo.

Maneno yale niliyangoja miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimeshayasikia mara nyingi kichwani, nikiosha vyombo, nikipiga pasi. Na sasa yametoka, yametoka mbele ya watu kumi na wanne, Fundi Koti anafuta macho. Nikamtazama wifi. Hakuwa anatabasamu wala hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama tu na daftari lake, akisubiri kuona kama kiungo kitashika.

Ndipo wivu ukanipanda kuliko siku zote. Msinielewe vibaya, sikushikwa na utu wema. Nilichoona ni kwamba hata msamaha wa baba yangu mzazi nimepewa na huyu. Nimeharibu, na yeye ameutengeneza uharibifu wangu ukawa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa nia safi. Nikichukua ufunguo ule, kila jioni nitakayofunga droo nitakuwa nafunga kwa ruhusa yake. Nikaona bora nibaki na uovu wangu, ni wa kwangu.

"Baba, amedanganya," nilisema. "Sikujaribu kitu. Nilipunguza pindo makusudi ili mzigo ukataliwe, aumbuke yeye. Nilikuwa namwonea wivu. Nami nilidanganya kuhusu jora."

Baba aliniuliza, kwa utaratibu, kama muuza vitambaa alituibia. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mdogo wangu alipima. Nikasema alipima. Akachukua simu, akampigia muuza vitambaa mbele yetu sote, akamwambia nilikuita mwizi na wewe si mwizi, mwizi alikuwa ndani ya nyumba yangu. Aliposema nyumba yangu hakunitazama. Kisha akaweka ufunguo mezani mbele ya wifi, akachukua fimbo yake na kutoka. Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki nzima sikukanyaga karakana. Jumatatu ya pili nilifika mapema kuchukua vitu vyangu: aproni, tepu, kikombe, na mto mdogo wa kukalia ambao Mama Vifungo, mshonaji wetu wa matundu ya vifungo, alinishonea nilipougua mgongo. Nilitaka niondoke kabla hawajaja. Nikawakuta wote wamefika. Wifi alifungua droo mbele yao, akautoa mkasi kwa mkono wake wa kushoto, akachukua kipande cha kitambaa. Mkasi ule ni wa mkono wa kulia, na umenolewa na baba kwa kulia miaka arobaini. Ulikitafuna kitambaa, haukukikata. Akajaribu tena. Fundi Koti alikohoa, na mtu mmoja huko nyuma akajifanya anatafuta uzi.

Wifi alikuja mpaka kwenye meza ya kukatia, akauweka mkasi mbele yangu, vishikio vikinielekea mimi. Akaniambia mwalimu mkuu amezipokea mia mbili na arobaini kwa shukrani na ameongeza mia moja. Akanipa karatasi ya kukatia.

Nilimuuliza kwa nini alinifichia. Nilitaka jibu la kweli, nikamwambia kama ni huruma siihitaji.

"Sina mkataji mwingine," alisema. "Usidhani nimekusamehe, wifi. Nilipiga hesabu. Nikikutoa, nitapoteza mkono ambao hata ukiiba unafunga mafungu kwa saizi. Nitakusamehe nikipata nafasi."

Hapo ndipo nilipompenda kidogo kwa mara ya kwanza, na ni kidogo kweli. Wivu haujaisha, nisidanganye tena. Kiti chake bado kiko karibu na cha baba, na baba ananisalimia kwa mkato, na jioni ni yeye anayefunga droo huku mimi nikikunja aproni. Kila akifunga, nahesabu.

Lakini asubuhi ile nilitandaza jora. Nikalaza tabaka nane, nikaweka karatasi juu. Mwandiko wake ulikuwa pale pale, umelala kushoto: ongeza pindo, vidole vinne. Nikamwita. Nikamuuliza, "Vidole vya nani?"

Alitazama vyake, vyembamba kama kalamu, kisha vyangu, vilivyonenepa kwa mkasi. Akafikiri.

"Vyako," alisema, akarudi chumba cha mbele.

Nikaweka mkono juu ya kitambaa. Vinne vyangu ni vitano vyake. Nikapiga chaki hapo.